Kuficha au kusimba: njia ipi inafaa kulinda mafaili yako kwenye kompyuta ya nyumba nzima

Kompyuta ya nyumbani haina mwenyewe mmoja. Imewekwa ukumbini. Baba anaingizia hesabu za karafuu, mama ni mwalimu na hapo ndipo anapotunga mtihani wa muhula, mtoto wa kidato cha tatu anafanyia kazi za skuli, na mjomba akija kutoka Konde anachomeka flashi yake achapishe fomu. Ndani yake mna nakala za vitambulisho vya Mzanzibari mkaazi, hati ya kiwanja, na picha za harusi ya dada: zile za upande wa wanawake, siku ya hina, vichwa wazi na mikono imejaa piko, ambazo hazikupigwa ili zionwe na mwanamme wa kando.

Anayetaka kuyaweka mambo hayo mbali na macho ya wengine hawashuku watu wake. Anatafuta sitara, na kila aliyemo nyumbani ana haki nayo. Shida ni kwamba njia ziko nyingi, nyengine za kuficha tu na nyengine za kusimba, yaani kulichanganya faili lisisomeke bila ufunguo, nguvu zake zinapishana sana, na baadhi ya zile zinazopendwa hazilindi kitu.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta programu, jiulize unamzuia nani. Mtoto wa miaka minane anayebonyeza kila anachokiona hafanani na kaka yake anayesomea kompyuta chuo kikuu cha SUZA. Hao wawili hawafanani na fundi atakayekaa na mashine yako dukani, wala na mwizi atakayeichukua usiku. Njia inayomtosha wa kwanza mara nyingi haimzuii hata kidogo wa tatu. Nitazipima njia zote kwa watu hao wanne.

Kuficha folda

Unabonyeza folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, unaingia Properties, unatia alama kwenye Hidden, na folda inapotea. Hakuna cha kusakinisha wala nenosiri la kukumbuka. Kwa mtoto mdogo, yatosha.

Kwa mwengine yeyote, haitoshi. Virusi vya flashi vilipoenea, vile vinavyoficha folda zako na kuacha njia za mkato mahali pake, vijana wengi wa kwetu walijifunza kuzirudisha: unafungua View na kutia alama Hidden items, au unaandika amri ya attrib. Leo kijana ambaye hajawahi kufanya hivyo ni nadra. Folda iliyofichwa iko pale pale, na kila kilichomo kinasomeka kama kilivyo.

Liko pia faili dogo la .bat linalopitishwa mkono kwa mkono kwa jina la kufuli ya folda. Ukilibonyeza linakuuliza nenosiri, unaona kama umefunga. Nenosiri lenyewe limeandikwa ndani ya faili hilo kwa maandishi ya kawaida. Mtu akichagua Edit analisoma. Vivyo hivyo kwa programu za bure za kufungia folda zisizoeleza popote zinasimba kwa njia gani. Programu isiyosema hilo siipi picha za dada yangu.

Kila mtu na akaunti yake

Hatua hii haina gharama, na ni ya kwanza ninayomshauri mtu yeyote, hata kama atachukua nyengine juu yake. Windows inaruhusu kila mtu wa nyumbani awe na akaunti yake na nenosiri lake. Mtoto akiingia kwa akaunti yake hawezi kufungua Documents wala Pictures za mama. Ukiondoka mezani unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na L, skrini inajifunga.

Yako mambo mawili yanayoiharibu. La kwanza ni aina ya akaunti. Mwenye akaunti ya msimamizi akibonyeza folda ya mtu mwengine, Windows inamuuliza tu kama aendelee, anakubali, anaingia. Kwa hiyo msimamizi awe mmoja nyumbani, na wengine wote wawe watumiaji wa kawaida. La pili ni mahali pa kuhifadhi. Watu wengi wamezoea kuweka kila kitu kwenye diski D ili kisipotee Windows ikipigwa upya. Diski D kwa kawaida iko wazi kwa akaunti zote. Mtihani uliowekwa huko unasomwa na kila aliye na akaunti kwenye mashine hiyo, hata awe mtumiaji wa kawaida.

Kwa fundi na mwizi, akaunti si kizuizi. Diski ikitolewa na kuchomekwa kwenye mashine nyengine, mafaili yote yanasomeka, kwa sababu hayakusimbwa. Kusimba ni kulichanganya faili kwa hesabu mpaka lisisomeke bila ufunguo, popote litakapopelekwa. Kuanzia hapa nazungumzia njia zinazofanya hivyo.

Kufuli zinazokuja na Windows yenyewe

Ziko mbili, na zinafanya kazi tofauti kabisa.

EFS inasimba faili au folda moja moja na kuifunga kwenye akaunti yako. Ukiingia, mafaili yanafunguka bila kuulizwa kitu. Mwengine akiingia kwa akaunti yake, anakataliwa, hata awe msimamizi. Inavutia, lakini haipo kwenye Windows Home, na ina hatari moja kubwa kwa mazingira yetu. Ufunguo wake umefungamana na nenosiri la akaunti. Ukisahau nenosiri, fundi akalibadilisha kwa nguvu kama wanavyofanya kila siku, au akapiga Windows upya, mafaili yanabaki lakini hayafunguki tena, isipokuwa kama uliwahi kutoa nakala ya cheti cha EFS, ambacho ndicho chenye ufunguo, na kukiweka nje ya mashine. Hatua hiyo watu wengi huiruka. Kwa sababu hiyo simshauri mtu wa nyumbani aitumie.

BitLocker inasimba diski nzima. Inapatikana kwenye Windows Pro, na baadhi ya mashine zenye Home zina toleo lake jepesi linaloitwa Device encryption. Kwa mwizi hakuna bora kuliko hii: akitoa diski hapati kitu. Lakini kompyuta ikishawaka, diski imefunguka kwa wote, na kwa watu wa nyumbani mnaotumia mashine moja BitLocker haifichi faili lolote. Pia ina ufunguo wa dharura wa tarakimu 48, ambao mashine inaweza kuudai baada ya matengenezo fulani. Ukitumia akaunti ya Microsoft, ufunguo huhifadhiwa humo. Kama aliyekuuzia laptopu aliiwasha kwa akaunti yake, ufunguo uko kwake. Hakikisha hilo siku ya kwanza, si siku mashine imekataa kuwaka.

Kufunga faili moja moja: Word, Excel na 7-Zip

Kwa mwalimu mwenye mtihani mmoja wa Word, hii ndiyo njia fupi kuliko zote. Unaingia File, kisha Info, Protect Document, Encrypt with Password. Kuanzia Office ya 2007 usimbaji huu unatumia AES, njia ya kusimba inayotumika sana, na ni imara mradi nenosiri liwe imara. LibreOffice nayo ina sehemu ya kuweka nenosiri wakati wa kuhifadhi. Hifadhi kwa muundo wa docx, usitumie doc ya zamani ambayo ulinzi wake ni dhaifu.

Mwenye hesabu za karafuu kwenye Excel aangalie vizuri alichobonyeza. Protect Sheet inamzuia mtu asibadilishe namba, lakini kila kitu anakisoma. Anayotaka yeye ni Encrypt with Password, ile ile ya kwenye Word.

7-Zip, iliyoanzishwa na Igor Pavlov mwaka 1999, inakusanya mafaili mengi kuwa moja na kulisimba kwa AES ya biti 256. Ni ya bure na ni nyepesi hata kwenye mashine kuukuu. Chagua muundo wa 7z, si zip, kwa sababu 7-Zip ukiiacha kwenye zip inatumia usimbaji wa zamani ulio dhaifu. Tia alama pia kwenye Encrypt file names. Bila hiyo mtu haoni picha lakini anasoma majina yake, na jina kama "hina ya Asha" limeshasema mengi. Faili la 7z unaweza kulituma kwa barua pepe au kulifungua kwenye simu ya Android kwa ZArchiver.

Udhaifu wake uko kwenye matumizi ya kila siku. Ukifungua picha iliyo ndani ya 7z, programu inatoa nakala isiyosimbwa na kuiweka kwenye folda ya muda, na umeme ukikatika wakati huo nakala hiyo inabaki huko. Halafu mafaili ya mwanzo unatakiwa uyafute mwenyewe, na kufuta hakuyaondoi kwenye diski ya sumaku. Yanakaa mpaka kitu chengine kiandikwe juu yake, na programu za kurudishia mafaili huyapata. Kwa hati ya kiwanja ambayo unaiweka na kuisahau, 7-Zip inafaa. Kwa kitu unachokifungua kila siku, inachosha, na mtu aliyechoka huanza kuacha wazi.

VeraCrypt

Hii ndiyo ninayoipendelea, na nitakaa nayo zaidi. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi kwa anayetaka kuukagua, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Ilianza 2013 kutokana na TrueCrypt, programu ambayo watengenezaji wake waliiacha Mei 2014.

Inakutengenezea faili moja kubwa, tuseme la GB 10, ambalo kwa nje halionyeshi ndani mna nini wala mangapi. Ukilifungua kwa nenosiri, Windows inaliona kama diski mpya, kwa mfano M. Unahifadhi humo kama unavyohifadhi kwenye flashi, na kila kinachoingia kinasimbwa kabla hakijaandikwa kwenye diski. Ukilifunga, M inatoweka. Lifikirie kama kasha la Kizanzibari la bibi harusi: vyote muhimu viko humo, kufuli moja, na mwenye kujua anaweza kuliwekea droo ya siri. VeraCrypt nayo ina sehemu ya siri ndani ya kasha yenye nenosiri lake la pili. Kwa nyumbani sioni haja yake. Ukiandika mafaili mengi kwenye sehemu ya juu bila kuwasha ulinzi, unaifuta ile ya ndani bila kujua.

Faida yake juu ya 7-Zip ni kwamba faili linazaliwa ndani ya kasha. Mwalimu anafungua M asubuhi, anatunga mtihani moja kwa moja humo, analifunga kasha jioni. Hakuna nakala ya kufuta kwenye Documents. Picha za harusi nazo zikitolewa kwenye kadi ya kamera ziende moja kwa moja kwenye M, zisipitie Pictures hata kwa dakika moja, kwa sababu picha zilizofutwa huko zinaweza kurudishwa.

Sasa liko jambo ambalo kwenye nyumba ya watu wengi lazima lieleweke: kasha likifunguliwa, limefunguliwa kwa wote walioingia kwenye mashine. Mama akiacha M wazi na mtoto akabadilisha mtumiaji kuingia kwa akaunti yake, M anaiona. Kubadilisha mtumiaji hakulifungi kasha. Kwa hiyo ingia kwenye Preferences za VeraCrypt na uiamuru ijifunge unapotoka kwenye akaunti, mashine inapolala, na ikipita dakika kadhaa bila kutumika. Kisha toka kabisa kwenye akaunti yako, usibadilishe mtumiaji tu.

Wakati wa kutengeneza kasha chagua NTFS kuwa mfumo wa kupangilia mafaili ndani yake. Umeme ukikatika kasha likiwa wazi kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, kasha litajifunga, na hilo kwa usiri ni jema, lakini faili ulilokuwa ukiliandika linaweza kuharibika. NTFS inahimili mikatiko kuliko FAT. Na kama nakala ya kasha utaiweka kwenye flashi, kumbuka flashi nyingi zina FAT32, ambayo haipokei faili linalofika GB 4. Tengeneza kasha dogo kuliko hapo, au ipangilie flashi upya kwa exFAT kwanza.

Kasoro zake ziko wazi. Kuisakinisha kunahitaji msimamizi, na hata toleo la kubeba kwenye flashi linadai haki hizo hizo, kwa hiyo kwenye kompyuta ya ofisini huenda lisifunguke. Haina programu rasmi ya simu. Ukubwa wa kasha unauamua mwanzoni.

Mwenye kuhifadhi mafaili kwenye Google Drive au OneDrive aangalie Cryptomator badala yake. Inasimba kila faili peke yake, hivyo ukibadilisha barua moja inapanda barua hiyo tu. Kasha la VeraCrypt ni faili moja, na kulipandisha zima kila likibadilika kunamaliza bando. Cryptomator kwenye kompyuta ni ya bure. Mwenye Mac hahitaji kusakinisha chochote: Disk Utility iliyomo inatengeneza kasha lililosimbwa.

Siku ya fundi

Tofauti za njia hizi zinaonekana vizuri siku mashine inapougua. Umeipeleka dukani, Darajani au Chake Chake. Fundi anauliza mbele ya wateja wengine, "Dada, paswedi yake?" Unaitaja. Anaiandika kwenye kipande cha plasta, anakibandika juu ya mfuniko, na laptopu inawekwa rafu moja na nyengine tano zenye plasta zao.

Mafundi wengi ni watu wa kheri na hawana muda wa kupekua. Lakini nenosiri lile linasomwa na kila anayepita nyuma ya kaunta. Folda iliyofichwa, anaiona. Akaunti, ameshaingia kama wewe. EFS inamfungukia kwa sababu inadhani ni wewe. BitLocker imefunguka mashine ilipowaka. Kilichobaki kimefungwa ni Word yenye nenosiri, 7z, na kasha la VeraCrypt, kwa sababu nenosiri lao si lile la kwenye plasta. Ndiyo maana nasisitiza nenosiri la kasha lisifanane na la akaunti hata kidogo.

Na ukimpa mashine apige Windows upya, toa kwanza nakala ya kasha. Kwake yeye ni faili kubwa lisilofunguka, na analifuta kwa nia njema kabisa.

Uchague lipi

Mwenye watoto wadogo tu nyumbani, akaunti tofauti zinamtosha. Mwalimu ambaye mtoto wake anasoma skuli ile ile, nenosiri la Word ni dogo mno kulinganisha na dhamana aliyobeba. Atumie VeraCrypt, na Word juu yake pale anapompelekea mwenzake. Picha za wanawake, VeraCrypt bila mjadala. Hati na vitambulisho visivyobadilika, 7z, nakala mbili sehemu mbili. Laptopu inayosafiri kwenye boti kati ya Mkoani, Pemba, na Malindi, Unguja, iwashiwe BitLocker pia, ikiwa ina Pro, kwa sababu huko anayehofiwa ni mwizi.

Hakuna njia kati ya hizi inayokulinda na virusi vinavyorekodi unachobonyeza. Flashi za wageni zikaguliwe kwanza, na mashine ambayo bado ina Windows 10 ikumbukwe kwamba Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025.

Nenosiri la kasha liwe refu. VeraCrypt yenyewe inakuonya likiwa chini ya herufi 20. Maneno matano yasiyohusiana, yanayokujia kirahisi na yasiyotajwa popote kwenye maisha yako, yanatosha. Jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa ndilo la kwanza ndugu atakalojaribu. Ukilisahau, hakuna fundi Unguja wala Pemba, wala popote duniani, atakayelifungua.

Hapo linakuja suala la mirathi. Kama hesabu za madeni na hati za ardhi ziko ndani ya kasha na nenosiri liko kichwani mwako peke yako, siku ukiondoka warithi hawataweza kujua nani anadai na nani anadaiwa, na deni hulipwa kabla mali haijagawiwa. Liandike kwenye karatasi, litie ndani ya bahasha iliyofungwa pamoja na wasia wako, umkabidhi mtu unayemwamini asiyekaa kwenye nyumba yenye hiyo kompyuta. Ukibadilisha nenosiri, badilisha na bahasha. Picha za harusi ziwe na kasha lao mbali, lenye nenosiri ambalo halimo kwenye bahasha hiyo, ili anayefungua hati za marehemu asifungue na yasiyomhusu.